Msaada na Heshima: Fikira Kutoka Kimwani

Msaada ni neno ambalo hatuna mazoea ya kulitilia shaka. Mtu akisema amekuja kusaidia, sisi humfungulia mlango, humtolea kiti, na aghalabu humshukuru hata kabla hatujaona alichokileta. Adabu hiyo ni njema, wala sina nia ya kuibeza. Lakini jambo jema nalo hapana budi lipimwe. Jambo baya hujulikana, na watu wakajihadhari nalo. Bali jambo jema lililokosewa hupita katikati yetu likisifiwa. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, mtu mwenye nia safi, asiyeiba wala kudanganya, aweza kumdhulumu yule yule anayemsaidia, kwa sababu tu hakumjua? Na ikiwa aweza, je, kumjua mtu ni sehemu ya haki anayodaiwa, au ni pambo la kazi tu, ambalo mwenye haraka anaruhusiwa kuliacha?

Swali hili lawahusu hasa wale wanaofanya kazi katika vyama vya hiari na mashirika yasiyotafuta faida, ambayo leo yako karibu katika kila wilaya ya nchi yetu. Serikali ikikosea, mwananchi anayo kura, na analo baraza la kulalamikia. Mfanyabiashara akikosea, mnunuzi hugeuza mguu akaenda duka la jirani. Lakini anayepewa bure atalalamika wapi? Mkono unaopokea umefungwa na shukrani. Kwa sababu hiyo chama cha hiari chahitaji kujichunguza chenyewe kuliko chombo kingine chochote, maana wanaokihukumu ni wachache na wanaokiogopa ni wengi.

Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa Kimwani, mahali nilipopata kufundisha na mahali nilipokosea.

Tarafa ya Kimwani iko upande wa kusini wa Wilaya ya Muleba, katika Mkoa wa Kagera, ambao hapo awali uliitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Msafiri atokaye Bukoba kwenda Biharamulo hupita kwanza katika vibanja vya Ihangiro, ambako migomba imefunga kama paa na mibuni imesimama chini yake. Kisha migomba hupungua, nchi hufunguka, na macho huanza kukutana na mbuga, mihogo, mahindi na makundi ya ng'ombe. Hapo ndipo Uhaya unapokutana na Uzinza. Wataalamu wa lugha huiorodhesha lugha ya Kimwani miongoni mwa lahaja za Kihaya. Lakini hao hao hutuambia pia kwamba Kihaya, Kinyambo, Kizinza na Kikerewe ni ndugu wa tumbo moja, hata mipaka baina yao imechorwa na kalamu zaidi kuliko ilivyochorwa na masikio. Pamoja na wenyeji wapo Wasukuma waliofuata malisho, wapo wavuvi wa makabila mengi mwaloni, na wapo wazao wa Warundi na Wanyarwanda ambao baba zao walikuja enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya kahawa ya Wahaya. Anayesema kwamba Kagera ni kwa Wahaya hajasema uongo, ila amefumba jicho moja.

Tena Wahaya wenyewe si kitu kimoja. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kashozi, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1892, na shule zikaanza kuota huko mapema. Kusini zilichelewa. Matokeo yake ni kwamba karani, mganga, mwalimu na mtafsiri wa kwanza walitoka kaskazini, na mazoea hayo hayajaisha. Mgeni wa Ulaya akiajiri Mhaya aliyesoma, hudhani amekwisha kumpata mwenyeji. Kumbe amempata mtu ambaye huko Kimwani naye ni mgeni, tofauti ikiwa kwamba mgeni huyu wa pili hajijui kuwa mgeni.

Mimi nilikuwa mmoja wa wageni wa namna hiyo. Kwetu ni Kiziba, mpakani na Uganda, na nilipelekwa kusini kufundisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walikuwa wamegunduliwa katika mkoa wetu mwaka 1983, na katika miaka ile ya 1990 hapakuwa na ukoo usiozika. Wananchi hawakukaa wakitazama tu. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, chama cha walio katika mapambano na ugonjwa huo. Nayo Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kilutheri ilianzisha huduma ya watoto iliyojulikana kwa jina la HUYAWA. Mashirika ya nje nayo yalikuja, makubwa kwa madogo, na mengi yalifanya kazi ambayo hatuwezi kuisahau.

Shirika moja, ambalo halina haja ya kutajwa, lilifika katika kijiji nilichokuwa nikifundisha ili kuandikisha yatima, wapate sare za shule na karo. Nikaombwa niwe mkalimani. Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume waliketi juu ya mabenchi, wanawake chini juu ya majani, na nyuma kabisa, karibu na uzio, walisimama watu wachache ambao hakuna aliyewaambia waketi. Wageni walikuwa na haraka, kwa kuwa vijiji vilikuwa vingi na siku zilikuwa chache. Mzee mmoja alitoa kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi ya nchi ile kumkaribisha mgeni. Mmoja wa wageni akazikataa kwa tabasamu, akaonyesha chupa yake ya maji. Hakuna aliyekasirika. Lakini asijidanganye mtu kwamba hakuna aliyeona. Katika Uhaya wa zamani, wawili waliotaka kuchanjiana udugu walikula buni mbili za tunda moja, kila mmoja ile iliyopakwa damu ya mwenzake, maana tunda la kahawa hubeba buni mbili ndani ya ganda moja. Kahawa ya mgeni si kiapo kama kile, ila ni jamaa yake.

Fomu ya wageni ilikuwa na safu za jina la mkuu wa kaya, ukubwa wa shamba na idadi ya yatima. Majina yalisomwa kwa sauti, mbele ya watu wote. Ilipofika zamu ya bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watano, watoto wa binti yake na wa mwanawe, nilimwuliza kwa Kihaya changu cha kaskazini ana yatima wangapi. Akanitazama kitambo, akajibu, "Mwanangu, sina yatima." Nikafasiri, "Anasema hana yatima." Karani akapiga mstari, tukaendelea na jina lililofuata.

Nilikuwa nimefasiri kila neno sawasawa, na nilikuwa nimesema uongo. Bibi yule hakukana kwamba wazazi wa watoto wale wamekufa. Kijiji kizima kilikuwa kimewazika. Alichokikana ni kitu kingine. Katika hesabu ya ukoo, ndugu wa baba ni baba pia, naye ndugu wa mama ni mama. Mtoto huwa yatima pale ambapo ukoo wote umemtupa au umekwisha. Kumwita mjukuu wake yatima mbele ya halaiki kulikuwa sawa na kutangaza kwamba baba wadogo wa watoto wale hawana utu, na kwamba yeye mwenyewe si kitu. Bibi alichagua kulinda jina la nyumba yake, akakosa sare tano. Hakuna mtu pale aliyekuwa na nia mbaya. Mgeni alitaka kusaidia, karani alitaka kwenda upesi, nami nilitaka kuonekana hodari wa lugha. Watoto watano walikaa mwaka mzima bila msaada uliokuwa umeletwa kwa ajili yao.

Wengi wetu tukisikia kisa kama hiki tutasema, dawa yake ni rahisi: wageni wafundishwe mila. Wapewe semina, waambiwe kwamba kwa Wahaya neno fulani halisemwi hadharani, kwamba kahawa haikataliwi, kwamba mwanamke hupiga magoti anapomwamkia mkubwa. Mafunzo hayo yafaa, wala siyapuuzi. Lakini hayafiki kwenye shina, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba maarifa ya utamaduni ni orodha ya mambo ya kufanya na kuacha. Mimi nilizaliwa na orodha hiyo. Bibi yangu mwenyewe angejibu vile vile. Nilichokosa hakikuwa maarifa. Nilikosa kudhani kwamba jibu la yule bibi lilikuwa na maana kuliko fomu. Lau ningalimheshimu kiasi cha kustaajabu, ningalimwuliza swali la pili.

Kulikuwa na kosa jingine siku ile, nalo nililitambua baadaye sana. Wale waliosimama karibu na uzio walikuwa wazao wa vibarua wa Kirundi. Mmoja wao alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Jina lake halikusomwa, kwa sababu orodha ilitengenezwa na wazee wa kijiji, na wazee waliandika nyumba zenye vibanja. Marehemu mumewe alilima katika kibanja cha mtu. Wageni walifurahi sana kupata orodha iliyotengenezwa na wenyeji wenyewe. Walisema huko ndiko kuheshimu utaratibu wa jamii. Nami niliona fahari.

Katika mkoa huu huu wa Kagera tulipata somo la kutisha kuhusu utaratibu wa jamii. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa muda wa siku chache. Mashirika ya misaada yalikabiliwa na kazi ambayo hayakuwahi kuiona. Chakula kilitakiwa kigawanywe upesi, na njia iliyokuwa wazi ilikuwa kuwatumia viongozi ambao wakimbizi walikuja nao, wakipangwa kufuata wilaya zao za nyumbani. Viongozi hao walijua kila jina na kila nyumba. Lakini baadhi yao ndio waliokuwa wamesimamia mauaji ya kimbari majuma machache tu kabla ya hapo, na chakula kilichopita mikononi mwao kiliwarudishia mamlaka yao. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières liliamua kuondoka katika kambi za Zaire na za Tanzania, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema hawawezi kuwaacha watoto. Nimezisikia hoja zote mbili, na sioni upande uliotoka pale ukiwa safi.

Simlinganishi mzee wa kijiji cha Kimwani na muuaji. Huo utakuwa utovu wa adabu na wa akili. Ninachosema ni kwamba katika visa vyote viwili msaidizi aliuliza, "Nani anazungumza kwa niaba ya watu hawa?" akaridhika na yule aliyejibu kwanza. Jamii yoyote ina wanaozungumza na wanaozungumziwa. Mgeni anapoheshimu "utamaduni wa watu" bila kuuliza ni wa watu gani miongoni mwao, huwa ameheshimu benchi na kuusahau uzio.

Yupo atakayeniuliza: basi, je, tuzitupe mila, tuwafuate wenye fomu? La. Nitampa mfano wa tatu, ambao pia ni wa Muleba, na ambao kila mwanafunzi wa sheria katika nchi yetu anaujua. Mwaka 1988 mwanamke mmoja mzee wa Kihaya, aliyekuwa amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake, aliona kwamba nguvu zinamwishia na hana wa kumtunza. Akaiuza ardhi ile kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Siku ya pili yake mtoto wa ndugu yake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akitaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kanuni za mila za Wahaya, zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni ile haipatani na Katiba, ambayo kwa mabadiliko ya mwaka 1984 inakataza ubaguzi, wala na mikataba ya mataifa ambayo nchi yetu imeikubali. Mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume.

Watu wengi wanaotaja hukumu hiyo huishia hapo, na kwa hiyo huikosa nusu yake. Kwa mila, mwanamume aliyeuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake, ukoo ulikuwa na haki ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji hakuifuta haki hiyo. Alimpa yule mlalamikaji miezi sita ya kuikomboa ardhi, akitaka, kwa kulipa shilingi 300,000 zile zile. Yaani mila ilibaki, ila ilitakiwa imtendee shangazi kama inavyomtendea mjomba.

Tazama sasa hali ya chama cha hiari ambacho kingekuwapo katika kijiji kile mwaka 1988 kikijisifu kwamba kinaheshimu mila za Wahaya. Kingesimama upande gani? Shangazi alikuwa Mhaya. Mtoto wa ndugu yake alikuwa Mhaya. Wosia wa baba ulikuwa wa Mhaya. Kila mmoja wao alikuwa na utamaduni mkononi. Anayedhani kwamba utamaduni ni sauti moja atamsikia mwenye sauti kubwa, kisha aandike katika taarifa yake kwamba jamii imeshirikishwa. Kuwajua watu ni pamoja na kujua wanabishana juu ya nini.

Sasa nageukia mfano mwema, nisije nikaonekana kama mtu anayeona makosa tu. Nshamba haiko Kimwani; iko Ihangiro, upande wa kaskazini wa wilaya hiyo hiyo. Huko Mswisi mmoja, Kurt Madörin, alifanya kazi kwa miaka mingi pamoja na watoto waliofiwa na wazazi, katika mpango ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Baadaye vijana wenyewe waliunda chama chao wakakiita Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi na kupanga shughuli zao. Kwa kuwa karibu na watoto, waanzilishi wale waliona kitu ambacho fomu zetu hazikuwa na safu yake: nyuma ya kila mtoto alikuwapo bibi. Wengi wa bibi hao walikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, wamezika watoto waliotegemea watawazika wao, na wameanza upya kulea. Mwaka 2003 kikaanzishwa chama cha Kwa Wazee, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa nyepesi kueleza: kumpa mzee fedha taslimu kila mwezi, kama pensheni, na nyongeza kwa ajili ya watoto anaowalea.

Wapo waliotikisa kichwa. Fedha taslimu kwa vikongwe wasiojua kusoma? Si zitanywewa rubisi? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mpango ule ulipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ambavyo wazee walivinunua. Mimi navutiwa zaidi na vitu hivyo vitatu kuliko na takwimu zozote. Hakuna mtaalamu ambaye angeandika chumvi katika maombi ya fedha kwa wafadhili. Lakini bibi ajua kwamba nyumba inayoomba chumvi kwa jirani kila siku imekwisha kushuka heshima, na kwamba mtoto asiyeoga kwa sabuni hatakaa kwenye dawati na wenzake bila kuchekwa. Fedha ilimrudishia bibi haki ya kuamua, na alipoamua, alinunua heshima ya nyumba, ile ile ambayo bibi yangu wa Kimwani aliilinda kwa kukana yatima.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Madörin alikuwa mgeni wa mbali, nami nilikuwa mgeni wa karibu, na yeye aliona nisichokiona. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, ila mgeni wa namna hiyo ni yule anayekaa. Kuna mambo ambayo hayaonekani katika ziara ya siku tatu, hata macho yawe makali namna gani.

Yabaki suala la nani aajiriwe. Sisi Watanzania tuna fahari ya haki katika jambo hili. Mwalimu Nyerere, aliyetoka katika Wazanaki, mojawapo ya makabila madogo ya nchi hii, aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, mwaka wa kwanza wa Jamhuri, na tangu sensa ya mwaka 1967 taifa letu limeacha kumwuliza mwananchi kabila lake. Naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Jirani zetu wa magharibi wametuonyesha kadi ya kabila inavyoweza kugeuka hati ya kifo. Lakini nimeona fahari hiyo ikitumiwa pia kama pazia. Ofisi nzima ya shirika inaweza kujazwa na watu wa tarafa mbili, waliosoma shule tatu, na anayeuliza akaambiwa kwamba sisi hatuna ukabila. Basi tusiulize kabila. Tuulize hivi: katika chumba hiki, nani anaweza kuzungumza na kikongwe wa Kimwani asiyejua Kiswahili, akaelewa hata kimya chake? Nani hapa alipata kukaa katika nyumba isiyo na kibanja? Kuna mwanamke mwenye kauli, au wote waliopo wanaandaa chai? Maswali haya hayamgawi mtu yeyote, na majibu yake yanajulikana kabla kikao hakijafunguliwa.

Kiswahili chenyewe, ambacho ndicho kamba iliyotufunga pamoja, kina hatari yake katika kazi hii, nami nasema hivyo nikiwa mwalimu wa Kiswahili. Mkutano ukiendeshwa kwa Kiswahili kizuri, waliokwenda shule hupata mbawa, na bibi hupata usingizi. Lugha ya taifa imetupa mahali pa kukutana. Haikukusudiwa kuwa mlango unaofungwa mbele ya mama zetu. Anayetaka kuwasaidia hana budi kuwa na lugha mbili, ile ya kuandikia taarifa na ile ya kusikilizia.

Vijana mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mtafanya kazi katika vyama hivi, na wengine mtapelekwa mbali na kwenu, kama nilivyopelekwa mimi. Miaka mingi nchi yetu iliwapeleka kwa makusudi wanafunzi wa Songea kusoma Tabora, na wa Bukoba kusoma Iringa, ili wajifunze kuishi na wenzao. Waliofaidika hawakuwa wale waliohifadhi salamu za makabila mengi. Walikuwa wale waliopata kuonekana wajinga mbele ya watu wa pale, wakacheka pamoja nao, wakauliza tena.

Nilirudi kwa yule bibi baada ya mwaka mmoja hivi, bila gari na bila fomu. Nilimwamkia, nikaketi chini, naye akanipa kahawa. Akaniuliza kwetu ni wapi, baba yangu ni nani, ukoo wetu mwiko wake nini. Tulikaa hapo kwa muda mrefu juu ya habari za ukoo wangu kabla hatujagusa za kwake. Nilimwambia nilikosea siku ile. Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema mwaka ule mihogo haikutoka vizuri. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunitajia watoto anaokula nao chungu kimoja, mmoja mmoja kwa jina lake, pamoja na jina la mama yake na la baba mdogo atakayemrithi. Walikuwa saba sasa, kwa maana wawili wa yule mjane wa uzioni walikuwa wamehamia kwake mama yao alipofariki. Niliandika majina yote katika daftari la shule, nikalipeleka kwa watu waliokuwa na fedha za karo mwaka huo. Katika daftari lile safu ya yatima sikuichora.